MTOTO WA SIKU TANO HAPEWI SEPTRINI: TUAMBIANE UKWELI, MAMA WA MBEYA NA IRINGA

SEHEMU YA 1: Ugomvi wangu uko wapi



Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi. Wanaonifuata hapa wanajua huwa naandika kwa upole, leo sitaweza. Nitaandika sehemu sita, soma moja moja ukiwa unanyonyesha, ila usiishie njiani, maana sehemu ya kwanza bila ya tatu itakuacha na hofu tu.

Ugomvi wangu ni na sentensi tatu ambazo kila nesi wa nyanda hizi amezisikia hadi masikio yamechoka.

Ya kwanza: "Ni Septrini tu." Mtoto ana siku tano, pua imeziba kidogo, anakoroma akinyonya. Bibi anasema dukani ipo Septrini ya maji, tamu, mtoto hata halii. Nusu kijiko asubuhi, nusu jioni.

Ya pili: "Apigwe sindano kali." Yaani ile sindano ya unga wa kuchanganya, seftriaksoni, ambayo siku hizi imekuwa kama heshima. Mtu asipochomwa hiyo anaona hajatibiwa.

Ya tatu: "Mtoe juani, manjano itaisha yenyewe."

Ukizitazama hizi sentensi moja moja, kila moja inaonekana haina neno. Shida inakuja zikikutana kwa mtoto mmoja, ndani ya wiki yake ya kwanza, na mtoto huyo ana manjano. Hapo zinaweza kumwachia mtindio wa ubongo, au uziwi, au zikamwondoa kabisa. Na hakuna atakayejua kilichosababisha, kwa sababu dawa aliyopewa ni ile ile aliyopewa kaka yake wa miaka mitano na akapona vizuri.

Nataka mjue kwa nini. Sisi wahudumu tuna tabia mbaya ya kusema "usimpe" halafu tunageuka kumwita mwingine kwenye foleni. Mama akifika nyumbani ana amri mkononi, sababu hana. Amri isiyo na sababu haiwezi kushindana na mama mkwe aliyelea watoto saba.

Basi leo nakupa sababu. Iko ndani ya damu.

SEHEMU YA 2: Gari ndani ya damu

Dawa ukiimeza haiendi kwenye ugonjwa kwa miguu, inapanda gari.

Ndani ya damu kuna proteini nyingi. Mojawapo, ambayo ndiyo iliyo nyingi kuliko zote kwenye maji ya damu, inaitwa albamini, na kiwanda chake ni ini. Kwa mtu mzima mwenye afya, kila lita ya maji hayo ya damu ina gramu kama 35 hadi 50 za albamini. Kazi yake mojawapo ni kubeba vitu ambavyo haviwezi kuyeyuka vizuri kwenye maji: mafuta, baadhi ya homoni, dawa nyingi, na uchafu wa mwili unaosubiri kutolewa.

Fikiria Coaster ya Makambako kwenda Mbeya. Siti zina idadi. Dawa ikiingia kwenye damu, sehemu yake inakaa kwenye siti za albamini na sehemu inabaki nje. Iliyokaa kwenye siti haifanyi kazi kwa wakati huo, inasafiri tu. Inayofanya kazi ni ile iliyoshuka, inayoingia kwenye nyama na viungo. Na kila iliyo nje ikitumika au ikitolewa na figo au ini, nyingine inashuka kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana dawa inafanya kazi taratibu kwa saa kadhaa badala ya kulipuka mara moja.

Dawa hazilingani. Dikilofenaki, ile ya maumivu ya mgongo, katika kila chembe 100 zilizo kwenye damu, 99 zimekaa kwenye siti. Fenitoini ya kifafa ni kama 90. Seftriaksoni ni kati ya 85 na 95. Jentamaisini, sindano ya siku nyingi, karibu yote inatembea bila gari. Shikilieni hii ya mwisho, tutairudia.

Sasa mtoto mchanga. Akiwa tumboni ana chembe nyekundu za damu nyingi kuliko anazohitaji huku nje. Akizaliwa zinaanza kuvunjika, na kila inayovunjika inaacha kitu cha rangi ya njano kinachoitwa bilirubini. Ndiyo inayompa ngozi na macho rangi ya manjano. Na tafadhali tusiiite homa ya manjano. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, wa virusi vinavyoenezwa na mbu.

Bilirubini haiyeyuki kwenye maji. Lazima ipande gari hadi kwenye ini, ini liigeuze iweze kuyeyuka, kisha itoke na choo. Lakini ini la mtoto mchanga bado linajifunza kazi. Kwa hiyo abiria wanajaa stendi. Ndiyo sababu watoto kama 6 kati ya 10 waliotimiza miezi, na 8 kati ya 10 walio njiti, wanaonekana manjano wiki ya kwanza. Wengi wao hawana ugonjwa wowote, ni foleni tu, inaisha.

Na albamini ya mtoto mchanga ni kidogo kuliko yako wewe, njiti ndiyo kabisa. Gari dogo, abiria wengi, mwisho wa safari mlango mmoja unaofunguka polepole. Lakini bilirubini ikiwa imekaa kwenye siti yake haiwezi kuingia kwenye ubongo. Mtoto ni wa njano, ubongo wake uko salama.

Levo siti. Hakuna aliyesimama. Sasa subirini aingie abiria mwingine.

SEHEMU YA 3: Septrini inapopanda

Septrini ina dawa mbili ndani yake, na mojawapo ni ya ukoo wa salfa. Salfa na bilirubini zinagombea siti kwenye albamini ile ile. Salfa ikipanda, bilirubini inasukumwa nje.

Kwa mtu mzima hiyo sio hoja. Bilirubini yake ni kidogo na ini lake limekomaa, ikishushwa inapokelewa na kutolewa. Kwa mtoto wa siku tano haina pa kupokelewa. Ini limejaa. Iliyoshushwa inatafuta mafuta ya kujificha, na ubongo una mafuta mengi, na ukuta unaoulinda ubongo wa mtoto mchanga, hasa njiti au mtoto anayeumwa, bado ni dhaifu. Inaingia. Inatia sumu kwenye sehemu za ndani za ubongo zinazosimamia misuli na kusikia.

Na kuna jambo linaloniumiza kichwa zaidi. Ukipima damu ya mtoto huyo, kipimo kinaweza kuonekana sio kibaya sana, kwa sababu bilirubini imehama kutoka kwenye damu kwenda kwenye nyama. Hata ngozi haikupi habari kamili.

Najua kuna mtu ameshaandaa jibu: "Mimi wa kwangu nilimpa akiwa na wiki moja, sasa yuko fomu tu." Namwamini, na namshukuru Mungu pamoja naye. Sio kila mtoto anayepewa ataumia. Lakini naomba usikilize kilichoripotiwa Marekani mwaka 1956.

Hospitali moja kubwa ya watoto jijini New York ilikuwa na desturi ya kuwapa njiti antibaiotiki mapema ili wasipate maambukizi. Nia nzuri kabisa. Daktari William Silverman na wenzake wakalinganisha makundi mawili ya njiti: moja likapewa penisilini pamoja na dawa ya salfa, jingine likapewa oksitetrasaiklini. Walitaka kujua ipi inazuia maambukizi vizuri zaidi. Walichokuta ni kwamba kundi la salfa lilikuwa na vifo vingi zaidi, na walipochunguza miili wakakuta ubongo wa watoto wengi wa kundi hilo umeingiwa na manjano. Miaka mitatu baadaye, 1959, Daktari Gerard Odell akaonyesha kwenye maabara namna salfa inavyoing'oa bilirubini kutoka kwenye albamini. Siti zile zile.

Angalieni vizuri hapo. Wale walikuwa madaktari bingwa, watoto wako mbele yao mchana na usiku, na bado kwa macho hawakuona kwamba dawa yao inadhuru. Ilibidi wahesabu makundi mawili ndipo wajue. Sasa wewe na mimi, kwa kumtazama mtoto mmoja aliyepona, tunapata wapi ujasiri wa kusema haina madhara? Aliyevuka barabara ya Tunduma amefumba macho na akafika ng'ambo hajathibitisha kwamba malori hayapo.

Mafua ya mtoto mchanga hayahitaji antibaiotiki hata kidogo. Pua ikiziba, tone la maji ya chumvi safi uliyoelekezwa kituoni, na titi. Lakini akishindwa kunyonya, akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, au akiwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, hilo sio la dukani hata kama duka liko mlangoni kwako. Huyo anapelekwa kituoni sasa hivi.

SEHEMU YA 4: "Sindano kali" na wenzangu wa dukani

Sehemu hii itanichukiza kwa watu, sawa tu.

Seftriaksoni ni dawa nzuri. Imeokoa watu wengi wenye homa ya uti wa mgongo na vichomi vibaya. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuifanya kipimo cha upendo: "Mtoto wangu namlipia sindano kali."

Mmeona kwenye sehemu ya 2, seftriaksoni ni abiria wa siti. Ikipanda inaisukuma bilirubini kama salfa inavyofanya. Kwa hiyo mtoto mchanga mwenye manjano, na hasa njiti, hapaswi kuchomwa. Kuna na sababu ya pili isiyohusu siti: kwa mtoto wa chini ya siku 28, seftriaksoni haipaswi kukutana na dripu yenye kalsiamu, kama Ringa. Zikikutana zinagandana, na chembe zake zimewahi kukutwa kwenye mapafu na figo za watoto waliokufa. Mamlaka za dawa za Marekani zilitoa onyo hilo mwaka 2007.

Mtoto mchanga mwenye maambukizi, dawa za kwanza za kawaida ni ampisilini pamoja na jentamaisini. Mama akiambiwa jentamaisini ananuna, "hiyo ya zamani?" Ndiyo, ya zamani, ya bei ndogo, na karibu yote inatembea bila gari, kwa hiyo haimsukumi mtu kwenye siti. Ina tahadhari zake, figo na masikio, ndiyo maana tunampima mtoto uzito kabla ya kuitoa. Kwenye hili uzee wa dawa ni sifa.

Kuna wakati daktari mwenye mtoto mbele yake, mwenye vipimo, akiwa hana njia nyingine, ataamua kutumia dawa kali kwa kupima hatari moja dhidi ya nyingine. Hiyo ni kazi yake na ataandika sababu. Haifanani na sindano ya kuchomwa nyuma ya kaunta kwa mtoto ambaye hakuna aliyemfunua kitambaa kumtazama macho.

Sasa ninyi wenzangu wa maduka ya dawa. Maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, jirani yetu hapa, kwa nia njema: mwanakijiji asitembee kilomita ishirini kutafuta kidonge cha malaria. Mmesaidia watu, sikatai. Usiku wa saa nne, zahanati imefungwa, wewe ndiye uliye wazi. Lakini mteja akisema "Septrini ya mtoto", swali la kwanza sio "chupa ndogo au kubwa?" Swali ni "Ana siku ngapi?" Siku, sio miaka. Akijibu chini ya miezi miwili, weka chupa chini, mwelekeze kituoni. Utapoteza mauzo ya chupa moja. Ukiona hiyo hasara ni kubwa, basi funga duka uuze soda.

Na sisi manesi tusijifiche nyuma ya watu wa duka. Mama anaporuhusiwa, tunampa kadi na kumwambia "ukiona tatizo rudi." Tatizo gani? Anaijuaje manjano ya hatari na ya kawaida? Kumwambia kunachukua dakika tatu. Wodi ikiwa imejaa, wakusanye kumi uwaambie pamoja. Kuelewa kwa mama ni sehemu ya matibabu kama ilivyo sindano ya vitamini K.

SEHEMU YA 5: Jua, glukosi, na vidonge vya kabatini

Mwaka huo huo 1956, kwenye hospitali ya Rochford huko Uingereza, sista mmoja aliyeitwa Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto wake njiti nje wapate hewa na jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake imepauka manjano, isipokuwa pembe moja iliyobaki ya njano kali. Ile pembe ndiyo iliyokuwa imefunikwa na shuka. Kutokana na jicho la nesi huyo, mwaka 1958 wenzake wakachapisha habari za taa ya kutibu manjano. Hiyo ndiyo mama wa taa za bluu mnazoziona leo kwenye wodi za watoto wachanga.

Kwa hiyo anayesema jua linapunguza manjano hakutunga. Lakini sikilizeni tofauti.

Taa ya bluu inamulika mwili mzima, mtoto yuko uchi na macho yamefunikwa, saa nyingi mfululizo, kwa nguvu inayojulikana, na damu inapimwa. Jua la Mwanjelwa saa moja asubuhi, mtoto amevaa kofia, soksi na blanketi mbili, linamulika pua. Ukimvua nguo zote Juni hapa Uyole au Mafinga, atapata baridi, na baridi kwa mtoto mchanga ni ugonjwa. Ukimwacha kwenye jua la saa sita, ataungua na kukaukiwa maji. Na siku ukungu ukikaa Mufindi tangu asubuhi hadi jioni, unaanika nini?

Madhara makubwa ya jua sio jua lenyewe, ni siku zinazopita. "Tumemtoa juani siku tatu, tunaangalia." Manjano inayoenda kuwa mbaya inaweza kuhitaji saa, sio siku tatu.

Tena kuna hatari yetu wenyewe wa nyanda za juu ambayo huko Dar hawaijui sana. Mtoto anazaliwa Julai. Chumba kina pazia zito, mlango umefungwa, taa hafifu, mtoto amefungwa kama kifurushi cha posta. Wageni wanaona pua tu. Nani ameiona rangi yake? Akifika wodini siku ya sita, familia inaapa manjano imeanza leo, kumbe leo ndiyo siku aliyofunuliwa.

Kila siku, wiki mbili za kwanza, mpeleke mtoto karibu na dirisha mchana. Chumba kiwe na joto. Mfunue dakika moja. Kwa ngozi zetu nyeusi usitegemee uso. Angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Bonyeza ngozi taratibu kwa kidole, uachie, uone rangi iliyo chini yake.

Na vitu vingine viwili. Maji ya glukosi hayasafishi manjano. Yanajaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo, anapata choo kidogo, na choo ndiyo njia ya bilirubini kutoka. Maziwa yako, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, ndiyo msaada.

Pili, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali mnavyoweka kabatini kufukuza wadudu, naftalini. Nguo za mtoto zilizotunzwa navyo, akivalishwa, harufu ile inaingia mwilini. Kuna watoto wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na kwao naftalini inazivunja kwa wingi, manjano inapanda ghafla. Abiria wanaongezwa stendi wakati gari ni lile lile. Nguo za mtoto zitunzwe bila vidonge hivyo. Sabuni, maji na pasi vinatosha.

SEHEMU YA 6: Msiache dawa kwa ajili yangu

Najua jinsi mtandao ulivyo. Kesho nitaona mtu ameandika: "Nesi kasema dawa zote zinagombea kwenye damu, msichanganye dawa." Sikusema hivyo. Naandika kwa herufi kubwa: SIKUSEMA HIVYO.

Kwa watu wazima wengi, dawa moja kuisukuma nyingine kwenye siti haileti madhara, kwa sababu iliyosukumwa inatolewa na ini na figo mapema, mambo yanarudi sawa. Mtoto mchanga ni habari nyingine kwa sababu mlango wa kutokea ni mwembamba na ukuta wa ubongo bado mchanga. Anayekutisha uache dawa ya presha au ARV kwa hoja ya siti, huyo ni mpotoshaji.

Kundi jingine la kuangaliwa ni mtoto mwenye utapiamlo mkali. Aliyevimba miguu na uso kwa kwashakoo mara nyingi albamini yake imeshuka sana. Siti zimepungua, kwa hiyo dawa nyingi zaidi inabaki nje, na dozi ya mtoto wa jirani inaweza kuwa kubwa kwake. Sisi tunaolisha nchi mahindi, viazi na maharage, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Iringa asilimia kama 57 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kitaifa ni 30. Kudumaa sio kwashakoo, lakini vyote vinatuambia sahani ya mtoto ina shida wakati ghala limejaa. Mtoto aliyevimba hatibiwi kwa chupa ya duka. Anapelekwa kituoni.

Sasa jambo linalogusa nyumba nyingi hapa kwetu, naomba tuliseme bila kunong'ona. Utafiti wa VVU wa 2016/17 ulikuta Njombe asilimia 11.4 ya watu wazima wana maambukizi, Iringa 11.3, Mbeya 9.3, wakati nchi nzima ni karibu 5. Maana yake kuna mama wengi wanaosoma hapa ambao watoto wao wataandikiwa Septrini na kliniki, na wameshaanza kujiuliza: mbona nesi huyu anaipiga vita?

Dada yangu, nisikilize. Mtoto wako anaanza dawa ya kumkinga na VVU mara baada ya kuzaliwa. Septrini anaanza baadaye, akiwa na wiki 4 hadi 6, kwa utaratibu wa kliniki yako. Tarehe ile haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kabla ya hapo siti zina bilirubini, baada ya hapo foleni imeisha na ini limejua kazi. Akifikisha umri huo Septrini inamlinda na kichomi kibaya kinachoua watoto wenye VVU kabla hata majibu ya vipimo hayajatulia. Kwa hiyo usiiwahishe na usiiruke. Dawa ile ile, mtoto yule yule, tofauti ni wiki tano. Na kama wewe mwenyewe unameza Septrini na mtoto ni njiti au ana manjano, usiiache kimya kimya. Mwambie nesi, mtaamua pamoja.

Mtoto apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona:

- manjano ndani ya saa 24 tangu azaliwe
- manjano imefika viganjani au kwenye nyayo, siku yoyote
- analala mno, hanyonyi, au amelegea
- analia kwa sauti nyembamba kali, au anajipinda mgongo kuelekea nyuma
- ana joto kali au amekuwa wa baridi
- degedege

Na hata kama anacheka na kunyonya vizuri, mlete apimwe kama manjano imezidi siku 14, au choo chake ni cheupe kama chokaa, au mkojo ni wa rangi ya chai.

Ukifika, sema maneno haya: "Mtoto ana siku kadhaa, ana manjano, na amepewa dawa hizi." Kama ulishampa kitu cha dukani, kitaje, lete na chupa yake. Hakuna nesi mwenye akili atakayekugombeza, na akikugombeza mvumilie, mtoto kwanza.

Baba, wewe uliyesoma hadi hapa, kazi yako ni mbili. Nauli ya bajaji iwepo ndani kwa wiki mbili hizo, isiguswe. Na mama yako akisema "ni Septrini tu", wewe ndiye wa kumjibu, kwa heshima. Usimwachie mke wako ambaye bado ana nyuzi amjibu mkwe wake.

Bibi zetu hawana kosa. Wametulea kwa walichokijua, na mengi walijua sawasawa: kunyonyesha, kumpa mtoto joto, mama kupumzika. Hili la siti halikuonekana kwa macho hata kwa mabingwa. Ukimweleza bibi habari ya Coaster ataelewa kabla yako. Amepanda nyingi.

Peleka huu uzi kwenye kikundi cha kikoba na kwa yeyote unayemjua mwenye mimba. Maswali niulizeni hapa chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.